Chupa za Maji Ndani ya Udongo wa Kibaha: Namna ya Kutengeneza Kinjia Kisichozama Masika

Kituo cha Maili Moja, Kibaha, basi la mkoani likisimama dakika mbili tu, chupa tupu zinaanza kudondoka madirishani. Nusu lita, lita moja na nusu, za maji, za soda. Nyumbani kwangu ni robo saa kwa miguu kutoka hapo, juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi wa Pwani wanaujua na wanauogopa. Babu, jirani yangu wa upande wa mashariki, aliwahi kunishika mkono akanipeleka kuona ufa wa sebuleni kwake. Kiganja chake kiliingia kwa ubavu. "Mwanangu," akaniambia, "udongo huu masika unaumuka kama maandazi, kiangazi unachanika. Nyumba itatulia vipi?"

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Nimeshika udongo maabara na saiti kwa miaka kumi na minne. Miaka mitatu iliyopita nilianza kuchanganya zile chupa na udongo huu, kwanza kwenye visanduku vya mbao, kisha kwenye kinjia cha kutoka getini kwangu hadi barabara ya mtaa. Nakuandikia nilivyofanya, kwa vipimo, ili nawe ufanye. Na pale ambapo plastiki haifai nitakwambia usiiweke.

Chupa inafanya kazi gani mle ndani

Watu wengi wakisikia plastiki na udongo wanafikiri kuyeyusha na kumimina. Usiyeyushe kitu. Moshi wa plastiki ni sumu kwako na kwa watoto wanaokuzunguka. Kazi yetu ni kukata na kuchanganya.

Bibi zetu wakifyatua tofali za tope walikuwa wakikata nyasi na kuzikanyagia ndani. Nyasi haziufanyi udongo kuwa jiwe, ila zinaushika usiachane. Udongo ukiukandamiza unavumilia, ukiuvuta unakatika. Kipande cha plastiki kikilala ndani ya udongo ulioshindiliwa vizuri, punje zinakibana pande zote, na udongo ukitaka kupasuka au kuteleza inabidi kwanza ukichomoe. Msuguano huo ndio nguvu yote unayoitafuta. Na chupa, tofauti na nyasi, haiozi wala mchwa hawaitafuni.

Ukishalielewa hilo, mengine yanajileta yenyewe. Udongo usioshindiliwa haubani kitu, kwa hiyo plastiki yako itakaa bure. Plastiki ikizidi, vipande vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe na vinateleza, nguvu inashuka badala ya kupanda. Tafiti nyingi za maabara zimezunguka kati ya asilimia 0.2 na 1 ya uzito wa udongo mkavu. Mimi nimetulia kwenye 0.5.

Jambo moja naomba ulishike kuliko yote: plastiki haizuii udongo mweusi kuumuka. Mfinyanzi ule unakunywa maji na kuvimba kwa asili yake, na kipande cha chupa hakiwezi kuuzuia. Kinachopunguza kiu yake ni chokaa. Na kinachouepusha na maji ni mfereji. Anayekwambia chupa peke yake zinatosha kwenye udongo huu mweusi wa mbuga hajausubiri masika.

Upime udongo kabla hujaokota chupa hata moja

Chimba shimo la nusu mita. Udongo wa juu wenye mizizi weka kando, huo ni wa bustani. Chukua wa chini, ulowanishe, uviringishe kiganjani uwe kama uzi wenye unene wa penseli. Ukikatika mapema una mchanga wa kutosha, nao pengine unahitaji kushindiliwa tu. Ukijiviringa vizuri, ukang'aa, ukakunata vidoleni kama ugali mbichi, huo ndio tunaouzungumzia.

Kisha tengeneza sanduku la mbao lenye uwazi wa ndani wa sentimita 60 kwa 4 kwa 4. Kipimo hiki cha sanduku ni cha zamani, kinatumika sana kwa watengeneza tofali za udongo na saruji. Paka mafuta ndani, jaza udongo uliolowana ukiusukumia pembeni kwa kijiti, sawazisha juu, uanike. Uache ukauke kabisa, siku tatu juani au wiki kivulini. Ukishakauka, usukumie wote upande mmoja na upime pengo lililobaki.

Mimi nilitengeneza masanduku matatu. La kwanza udongo mtupu, la pili udongo na vipande vya chupa, la tatu udongo, chokaa na vipande vya chupa. Siku ya tano nilimwita Babu tuyaangalie pamoja. La kwanza lilikuwa limekatika vipande vitatu, pengo milimita 62. La pili halikukatika. Lilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na ukichungulia ndani ya ufa unaona kipande cha plastiki kimetanda kutoka ukuta huu hadi ule, kimekaza. Pengo lake milimita 51, yaani bado udongo ulisinyaa sana. La tatu, milimita 18 na halikuwa na ufa wa kuonekana. Babu aliinama akagusa kile kiplastiki kwenye ufa wa sanduku la pili kwa ncha ya ukucha, akakaa kimya muda mrefu. Nami hapo ndipo niliposadiki.

Fanya masanduku haya kwa udongo wako mwenyewe. Udongo wa Mlandizi si wa Kisarawe, na wa Dodoma si wa Shinyanga. Yatakugharimu mbao chakavu na wiki moja tu.

Kuchagua na kukata

Chupa tunazotaka ni zile zenye namba 1 ndani ya pembetatu, kwenye kitako. Kama namba imefutika, kata kipande ukitumbukize kwenye maji na ukibonyeze kutoa hewa: plastiki ya chupa ya maji inazama, ya kifuniko inaelea. Vifuniko wape wanaokusanya makopo, watauza. Chupa za dawa za kuulia wadudu usiziguse kabisa, hata zikiwa zimeoshwa.

Tulia utengeneze kikatio, kitakuokoa mikono. Chukua kipande cha mbao ngumu, toboa matundu mawili yaliyoachana sentimita mbili na nusu hivi, pitisha bolti mbili za milimita 8 zisimame juu. Kila bolti ivike washa tatu, vile vipete bapa vya chuma vinavyokaa chini ya nati. Zikipandana zinafika milimita 5 hivi. Juu yake laza wembe wa kisu cha kukatia kapeti, ushike bolti zote mbili, kisha washa nyingine na nati, kaza. Sasa kata kitako cha chupa kwa kisu, ingiza ukingo wake chini ya wembe katikati ya bolti, anzisha kidogo kwa mkasi, halafu vuta. Chupa inazunguka yenyewe na kutoa utepe mmoja mrefu wa milimita 5, kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Chupa yenye mikunjo mingi inakwama. Hiyo kata kwa mkasi. Vaa glavu, maana ukingo wa utepe unachana kama ukindu mbichi, na wembe usiuache karibu na watoto.

Kusanya tepe kumi, zishike kama fungu la mchicha, na ukate kila sentimita 2 au 3. Tepe hujikunja kidogo na hakuna neno. Zikiwa fupi hivi hazitashikana kuwa viota. Halafu vitie vipande kwenye ndoo na mchanga wa mto na maji kidogo, uvisugue kama unavyosugua sufuria yenye masizi. Hilo linaondoa sukari ya soda inayoita sisimizi, na linakwaruza uso wa plastiki upate kushika udongo. Suuza, anika, pima.

Hapa ndipo utakapojua kazi ni kubwa kiasi gani. Kwa mzani wa jikoni, chupa ya nusu lita ukiondoa shingo na kitako inabaki gramu 8 hivi. Ndoo yangu ya lita 20 ikijaa udongo mkavu uliopondwa ina kilo 24. Nusu asilimia yake ni gramu 120, yaani chupa 15 kwa ndoo. Kinjia changu kina urefu wa mita 12, upana mita 1.2 na kina cha sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Kilimeza ndoo 144. Zidisha mwenyewe: chupa 2,160. Tulikata jioni, mimi, wanangu na vijana wawili wa jirani, mwezi mzima na siku kadhaa. Kama huna watu, anza na mita tatu mbele ya mlango.

Nilipokosea

Mara ya kwanza sikupima. Nilikuwa na magunia ya vipande, nikaona nyingi ndiyo bora, na vingine nilikuwa nimeviacha virefu urefu wa kiganja. Ilikuja karibu asilimia 3. Udongo haukushindilika. Ukipiga, unadunda, ukinyanyua kishindilio unauona unapanda tena kama godoro. Mvua ya vuli ya kwanza maji yalipita mle mle katikati ya plastiki, na asubuhi mama muuza uji alizama hadi kifundo na sufuria yake kichwani. Uji haukumwagika, Mungu alisaidia, lakini nililia siku ile, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia apite. Nilichimbua mita zote nne nilizokuwa nimeshatengeneza, nikachekecha udongo kwa chekeche ya mchanga na kuokota kila kipande. Siku tatu. Kwa hiyo ninaposema gramu 120 kwa ndoo, nakuomba upime.

Siku za kazi

Fanya kati ya Juni na Septemba, udongo ukiwa mkavu na mvua iko mbali.

Mfereji kwanza. Chimba pembeni mwa njia, upande maji yanakotokea, kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa njia, na uhakikishe una mahali pa kumwagia. Mfereji usio na mdomo ni dimbwi.

Chimbua njia yenyewe, ponda madonge kwa nyuma ya jembe mpaka lililo kubwa liwe kama punje ya korosho. Hapa usione uvivu, donge likibaki zima chokaa haiingii ndani yake na plastiki inalizunguka tu. Tandaza kwenye turubai au sakafu ngumu na uchanganye chokaa ya unga, kilo moja kwa kila ndoo ya udongo, ambayo ni kama asilimia 4. Sisi tunatumia ya Tanga. Chokaa inaunguza macho na mapafu, kwa hiyo funga pua na mdomo, vaa miwani, simama upande upepo unakotoka, na weka maji safi karibu. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi dakika nyingi bila kufikicha, kisha nenda zahanati. Nyunyiza maji, changanya, funika kwa turubai, uache siku mbili. Ukirudi utaushangaa: ule udongo uliokuwa unanata kama ulimbo sasa unamomonyoka vidoleni kama makapi ya kahawa.

Sasa ndio zamu ya plastiki. Tandaza udongo tabaka la vidole vinne, mwaga vipande ukivirusha kwa mkono kama unavyowapa kuku mtama, geuza kwa beleshi, tandaza tena, rusha tena. Ukivimwaga fungu moja vitakaa fungu moja. Mtu mmoja arushe, wawili wageuze. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukijaribu: finyanga donge kiganjani, liachie kutoka usawa wa kifua lianguke pagumu. Likisambaa kuwa vumbi, ongeza maji. Likibandika chini kama chapati, umezidisha, anika. Likivunjika vipande vinne au vitano, shindilia upesi kabla jua halijabadilisha mambo.

Rudisha kwenye njia matabaka mawili. Kila moja limwage sentimita 11 hivi likiwa laini, lishuke hadi saba na nusu. Kishindilio chetu ni kipande cha nguzo chenye kitako cha zege, kilo kama kumi. Piga ukisogea nusu ya kitako, usiruke mahali, mpaka mlio ubadilike. Mwanzo unasikia "pu", mwisho unasikia "ta". Kwaruza uso wa tabaka la kwanza kwa reki kabla ya kumwaga la pili, yashikane. Katikati ya njia iinuke kuliko kingo, kwa upana wa mita 1.2 sentimita 3 zinatosha, maji yasipate pa kukaa.

Funika kwa magunia yaliyolowana siku saba, chokaa ifanye kazi yake. Mwisho tandaza moramu sentimita 10 na uishindilie. Tabaka hili ni la lazima. Jua likiifikia plastiki linaidhoofisha, matairi na miguu vinaisaga, na mvua inavibeba vipande hadi mtoni. Maji yetu yanaelekea Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inakunywa. Hatukuokota chupa barabarani ili tuzipeleke mtoni zikiwa zimesagwa. Kwa hiyo kila baada ya masika pita uangalie: ukiona kipande kinachungulia, ongeza moramu siku hiyo hiyo.

Pale pabaya zaidi, tumia sandarusi

Kuna mita mbili pale njia yangu inapokutana na barabara ambapo maji yalikuwa yanasimama. Pale sikuhangaika na vipande. Nilichukua mifuko ya sandarusi iliyoishiwa sukari na unga, nikaijaza kokoto zilizochanganyika na mchanga theluthi mbili tu, nikafunga mdomo kwa kamba. Chimba, ilaze kama tofali, mdomo uliofungwa uingie chini ya mfuko unaofuata, uipige mpaka ibaki bapa kama sentimita 10. Unapoupiga, mfuko unataka kutanuka na sandarusi inakaza kuuzuia, na kadiri mzigo unavyoulalia ndivyo inavyozidi kuzibana kokoto zilizomo ndani. Panga tabaka la pili likikatisha maungio ya la kwanza. Usiujaze mfinyanzi, na usiujaze ukashiba. Mfuko ulioshiba unaviringika na hauna pa kukaza.

Wajapani wana mbinu hii, wanaiita do-nou. Profesa Makoto Kimura wa Chuo Kikuu cha Kyoto ameieneza kwa ajili ya barabara za vijijini, na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako wanavijiji wenyewe wametengeneza vipande vya barabara zao kwa mifuko. Sandarusi nayo inaliwa na jua, ifunike kwa moramu kama ile nyingine.

Usiweke wapi

Msingi wa nyumba, hapana. Nyumba kwenye udongo huu inahitaji mhandisi aamue kina na aina ya msingi, na mapendekezo ya jirani, pamoja na mimi, hayatoshi. Ukuta wa jiko la kuni, hapana, plastiki na moto havikai pamoja. Shambani, karibu na kisima, kwenye ukingo wa mto unaomomonyoka, hapana. Barabara ya mtaa wako ina mwenyewe. Kama ni ya wilaya kazungumze na ofisi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kabla hujachimba. Wao watataka kipimo cha CBR, yaani cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, tena cha sampuli iliyolowekwa siku nne. Mwongozo wa barabara wa Tanzania wa 1999 unaupanga udongo wa chini kwa madaraja ya CBR ya 3, 7 na 15, namba kubwa ndiyo udongo imara zaidi, na huu wetu mweusi ukishalowekwa mara nyingi haufiki hata hiyo 3. Pelekeni sampuli mbili, yenye plastiki na isiyo na plastiki, ili mzungumze kwa namba.

Inaponipendeza ni kwenye vinjia, nyua, mapito ya pikipiki na bajaji, mahali pa kuanikia, uwanja wa kuegesha mkokoteni. Huko ukikosea, hakuna anayeangukiwa na dari.

Kwa kipimo chako wewe mwenyewe, acha mita moja ya njia bila kuitengeneza, iwe shahidi. Chukua nondo ya milimita 16, chora alama sentimita 10 kutoka ncha, na nyundo moja isiyobadilika. Hesabu mapigo mangapi nondo inafika kwenye alama, pale palipotengenezwa na pale palipoachwa, kabla ya masika na katikati ya masika. Ukipima palipotengenezwa, sogeza kwanza moramu ya juu. Andika kwenye daftari. Mwezi Aprili, mvua ikiwa imenyesha siku tisa mfululizo, mita yangu ya ushahidi ilichukua mapigo manne. Iliyotengenezwa ilichukua kumi na tisa. Babu ndiye aliyekuwa akihesabu kwa sauti, mwavuli umeelekezwa kwenye daftari na yeye mwenyewe analowa. Tulipomaliza alisema mita ile iliyobaki niitengeneze Juni, na chupa ameanza kuziweka.